Apolo wa Mboga na Kazi Aliyopewa



Sisi tukaao Kalenga tunaujua mwaka 1894, boma la Mtwa Mkwawa lilipotwaliwa na Wajerumani. Miezi ile ile, mbali kule Buganda, mtu mmoja aliyepata kuwa askari alikuwa akijiandaa kwa Ubatizo. Alibatizwa Januari 1895, akaitwa Apolo. Kila tarehe 30 Mei Waanglikana wa nchi mbalimbali humkumbuka kwa jina la Apolo Kivebulaya. Tumeona vema kueleza maisha yake, kwa kuwa vijana wetu, na hata wazee, huuliza mara nyingi watajuaje kazi ambayo Mungu amewapangia.

Alizaliwa karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume atangulie katika mapacha. Ujana wake haukuonyesha dalili ya utumishi. Aliwekwa kwa mganga ajifunze uganga, lakini alipouona udanganyifu wake akauacha. Alisikia mafundisho ya Mackay, mmisionari wa C.M.S., wala hakuyashika mara moja. Alivuta bangi. Alishika silaha, na mwaka 1891 akaenda Toro pamoja na jeshi la Kapteni Lugard. Hivyo alipobatizwa alikuwa na miaka 30 hivi, na mtu angaliweza kusema kwamba miaka hiyo yote imepotea bure. Mkewe alifariki, naye hakuoa tena.

Mwaka ule ule wa 1895 alitumwa Toro kuwa mwalimu. Alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake nyeupe, ndipo watu wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya.

Mwishoni mwa 1896 alitumwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, pembeni mwa msitu mkubwa wa Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu ya njaa, kwani mtawala Tabaro hakutaka wapewe chakula. Apolo aliyajua hayo. Alikwenda na jembe, akalima chakula chake mwenyewe, huku akifundisha watu kusoma. Tabaro alikasirika, maana mwalimu huyu alikemea ulevi na desturi ya kuoa wake wengi. Apolo alipigwa. Kisha likatokea jambo baya zaidi: dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa majanini, akafa. Apolo akashtakiwa kwa kumwua, akafungwa minyororo na kupelekwa Toro.

Hapo ndugu zetu wengi wangesema kwamba walikosea njia. Kwani ikiwa Mungu ndiye aliyemtuma, minyororo inatoka wapi? Lakini Apolo alisimulia baadaye kwamba katika dhiki za siku zile alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope kwa kuwa yu pamoja naye. Hatimaye ilionekana hana hatia, akafunguliwa. Angaliweza kuomba apelekwe kwingine, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Mboga. Na Tabaro, adui yake, alitubu, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alitumikia Toro. Serikali za Kizungu zilipoweka mpaka, Mboga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji, naye akarudi kukaa huko akiwa amepita miaka 50. Mwaka 1922 alipewa heshima ya ukanoni wa Namirembe, lakini hakuhamia mjini kuifurahia. Wakati huo moyo wake ulikuwa kwa Wambuti, watu wafupi wa msituni, ambao majirani zao waliwadharau. Aliwafuata katika makambi yao, akakaa nao na kuwafundisha.

Alifariki tarehe 30 Mei 1933, akazikwa Mboga. Kinyume cha desturi, aliagiza kichwa chake kilazwe kuelekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha. Kanisa la Anglikana la Kongo, lililokuja kuwa jimbo kamili mwaka 1992, lina mizizi yake katika kijiji hicho.

Ndugu wasomaji, tuangalie vizuri. Apolo hakuonyeshwa msitu wa Kongo siku alipobatizwa. Alionyeshwa Toro, kutoka Toro, Mboga, kutoka Mboga, Wambuti. Kila mara alitii hatua iliyokuwa mbele yake, ndipo ya pili ikaonekana. Nasi tusingoje ramani yote ndipo tuinuke. Labda hatua yetu ni darasa la watoto ambalo halina mwalimu, au jirani wa kando ya Ruaha Mdogo ambaye hatusemi naye tangu mwaka jana. Pengine ni kurudi mahali tulipotukanwa, tuendelee na kazi tuliyoiacha. Asiwepo wa kusema umri umempita. Tushike jembe letu, twende, na Bwana atatuonyesha shamba linalofuata.