Ibn Sina: Tabibu aliyeuliza kabla ya kutibu

Ndugu Waislamu, hapa Same, na zaidi huko juu milimani Upare, mtu akianza kuongea peke yake au kukataa chakula, hukumu hutoka siku hiyo hiyo: ana jini, au karogwa. Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, na wazazi huniletea vijana wao niwasomee. Nawasomea, lakini huwasimulia pia habari za Ibn Sina.

Abu Ali Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara. Alihifadhi Qur'an akiwa na miaka 10, na kabla ya kufikisha miaka 20 alishamtibu mtawala wa mji huo, Nuh bin Mansur. Kitabu chake, Al-Qanun fit-Tibb, chenye juzuu tano, kilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Ni kweli Imam Ghazali aliipinga vikali falsafa yake, lakini utabibu wake umewanufaisha Waislamu na wasio Waislamu.

Katika Qanun anaeleza kuwa wapo wanaosema huzuni iliyopita kiasi huletwa na majini. Yeye hakubishana nao. Alisema hata ikiwa ni hivyo, tabibu anaangalia kilichobadilika mwilini na kukitibu hicho. Mgonjwa anayeficha jambo moyoni alimshika mkono, akamtajia majina ya watu na miji huku akisikiliza mapigo ya mshipa, hadi pale yaliposhtuka.

Nizami Aruzi, mwandishi wa karne ya 12, anasimulia juu ya mwana wa mfalme aliyejiona ng'ombe, akagoma kula na kutaka achinjwe. Ibn Sina akaenda na kisu kama mchinjaji, akampapasa, akasema amekonda mno, anenepeshwe kwanza. Kijana akala, na dawa ikapita humo.

Alifariki Hamadan mwaka 1037. Kazi ile leo inafanywa na wataalamu wa afya ya akili. Huuliza juu ya usingizi, msiba, kifafa, maradhi ya ukoo, hata mirungi, ambayo milima yetu inaijua vizuri. Bila maswali hayo, mwenye kifafa atachapwa bakora ili jini litoke, na mwenye kutaka kujiua ataachwa peke yake chumbani.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Basi tusome ruqya, na asubuhi tumpeleke mgonjwa hospitali.

Wallahu a'lam.