AL-BIRUNI: ALIYEPIMA DUNIA KWA KUTAZAMA UKINGO WAKE

Katika safu hii ya wanazuoni wetu, leo tumwangalie Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo ni sehemu ya Uzbekistan.

Swali lililomshughulisha tangu ujana ni hili: mtu atajuaje umbo la kitu ambacho hawezi kukiona chote, na yeye mwenyewe amesimama juu yake? Mwaka 997, akiwa bado kijana, alipatana na Abu al-Wafa aliyekuwa Baghdad. Kila mmoja akatazama kupatwa kwa mwezi akiwa mjini kwake. Tukio ni moja, lakini saa za miji hazilingani. Tofauti ilikuwa kama saa moja, na kwa hiyo wakajua miji hiyo imeachana kiasi gani, mashariki kwa magharibi.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Hakuchagua kwenda, lakini hakuketi kulia. Huko aliandika kitabu cha kutafuta mahali halisi pa miji, akakimaliza mwaka 1025. Shabaha yake mojawapo ilikuwa kupata kibla cha Ghazna. Manake asiyejua amesimama wapi, atajuaje aelekee wapi?

Kabla yake, wataalamu wa Khalifa al-Ma'mun walipima dunia kwa kutembea jangwani huku wakipima nyota. Al-Biruni alitafuta njia isiyo na safari. Katika ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, aliona kilima kinachotazama uwanda mpana. Kwanza alikipima kilima akiwa chini: akatazama kilele kutoka sehemu mbili, akapiga hesabu za pembetatu, akapata dhiraa 652 na kidogo. Kisha akapanda juu. Ukiwa juu, upeo wa macho huwa chini kidogo ya usawa wa jicho lako. Alipima pembe hiyo akapata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii, karibu sawa na upana wa mwezi mpevu unavyoonekana angani! Kwa namba hizo mbili tu, akapata nusu kipenyo cha dunia: zaidi ya dhiraa milioni 12. Urefu wa dhiraa yake hadi leo unajadiliwa, na hewa hupinda mwanga, kwa hiyo tusitie chumvi usahihi wake. Lakini njia yenyewe ni sahihi, na si mchezo.

Sasa hebu tazama wataalamu wa kamera na kompyuta wa zama zetu. Huweka chungu laini juu ya meza inayozunguka na kukipiga picha nyingi. Chungu hakina alama ya kushika, kina ukingo tu. Kutokana na ukingo huo unaobadilika, kompyuta hukadiria umbo la chungu na mahali kamera iliposimama. Upeo wa macho ni nini, kama si ukingo wa dunia?

Kuna fumbo moja pia: picha peke yake hazisemi kama kilichozunguka ni chungu au ni kamera. Al-Biruni alikutana na fumbo kama hilo. Al-Sijzi alikuwa ametengeneza chombo cha kupimia nyota kwa wazo kwamba dunia ndiyo inayozunguka, si mbingu. Al-Biruni hakumcheka. Alisema hesabu za nyota hazibadiliki kwa vyovyote, na kwamba jambo lenyewe ni gumu kuamua. Mwishowe yeye alishika kauli kwamba dunia imetulia. Leo tunajua inazunguka.

Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050, akiacha vitabu na risala zaidi ya 100. Vijana wenzangu, yeye alipelekwa mahali asipopataka, akatumia kilima alichokikuta. Wewe je, umesimama kwenye kilima gani? Mola amrehemu, na atupe sisi elimu yenye manufaa. Amin.