Ivy Lee, msikilizaji wa umma aliyeponzwa na takwimu

Aprili 20, 1914, moto uliteketeza kambi ya wachimba makaa ya mawe waliogoma huko Ludlow, katika jimbo la Colorado, Marekani. Wanawake 2 na watoto 11 waliokuwa wamejificha shimoni chini ya hema waliangamia. Magazeti yalimlaani John D. Rockefeller Mdogo, ambaye familia yake ilimiliki hisa nyingi za kampuni ya migodi hiyo. Tajiri huyo alikuwa ameamini taarifa za wasimamizi wake pekee. Mambo yalipomzidi, alimwita Ivy Lee.

Lee, mwana wa mhubiri, alizaliwa mwaka wa 1877 jimboni Georgia. Alisomea Chuo Kikuu cha Princeton, kisha akawa ripota jijini New York. Akiishauri kampuni ya reli ya Pennsylvania, aliwafungulia wanahabari milango ajali zilipotokea, ilhali desturi ya enzi hiyo ilikuwa kuficha. Kwake, mshauri alikuwa na kazi mbili: kuueleza umma habari za kampuni, na kuieleza kampuni fikira za umma.

Hiyo ya pili ndiyo iliyomponyoka mwanzoni. Vijitabu alivyosambaza kuhusu mgomo vilitaja malipo ya viongozi wa chama cha wafanyakazi yakiwa yametiwa chumvi mno. Alipohojiwa na tume ya serikali mwaka wa 1915, alikiri kwamba hakuwa amezichunguza takwimu alizopewa na kampuni. Kosa lilikuwa lile lile la Rockefeller. Mwandishi Upton Sinclair alimbandika lakabu ya mmea wa sumu, akilichezea jina lake, na lakabu hiyo haikumbanduka.

Hata hivyo, Agosti 1914 Lee alikuwa amefunga safari hadi Colorado kujionea hali. Aligundua jambo ambalo ripoti za ofisini hazikulisema: wachimba migodi waliogopa kuwalalamikia wakubwa wao. Alishauri itafutwe njia ya malalamiko yao kusikika. Mwaka uliofuata Rockefeller mwenyewe alizuru migodi, akaketi na wafanyakazi.

Cha kushangaza ni kwamba bingwa huyo wa kupima maoni hakuupima mkataba wake na I.G. Farben, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, wakati Hitler alipokuwa ameshika hatamu. Mnamo 1934 kamati ya Bunge la Marekani ilimhoji kuhusu ushauri na malipo hayo, na magazeti yakamgeuka. Alifariki Novemba 9 mwaka huo kutokana na uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 57.