Emil Kraepelin: Daktari Aliyefuata Safari ya Ugonjwa



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya wanazuoni wetu. Safari hii naomba mnivumilie, ndugu zangu, nilete maisha ya Mjerumani ambaye hakuwa Muislamu na aliyefariki mwaka 1926. Sababu yangu ni hii. Nikiwa mwaka wa pili hapa Kampala, nilikaa chumba kimoja na ndugu mcheshi, hodari wa hesabu. Taratibu akaanza kukesha usiku na kulala mchana. Akaacha kula nasi, akaacha kuoga, akafunika dirisha kwa magazeti. Tulisema ana mawazo ya ada. Muhula uliofuata akatwambia kuwa watu wa ghorofa ya juu wanasoma mawazo yake kwa sauti. Hapo ndipo tuliposhtuka, na miezi mingi ilikuwa imeshapita.

Nilipofika wodi ya magonjwa ya akili kama mwanafunzi wa udaktari, nilikutana na jina la Emil Kraepelin. Nikagundua kwamba yale tuliyoyaona kuwa mambo mawili, ukimya wa kwanza na sauti za baadaye, yeye aliyaona kuwa safari moja.

Kraepelin alizaliwa tarehe 15 Februari 1856 katika mji wa Neustrelitz, kaskazini mwa Ujerumani. Kaka yake Karl alikuwa mtaalamu wa viumbe, na baadaye akaongoza makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Hamburg. Emil naye alipenda kupanga vitu kwa jamii zake, ila yeye alipanga maradhi. Alisoma udaktari, akafanya kazi Leipzig chini ya Wilhelm Wundt, aliyeanzisha maabara ya kupima kazi za akili. Mwaka 1883, akiwa na miaka 27 tu, alitoa kitabu kidogo cha magonjwa ya akili. Alikiandika upya tena na tena hadi toleo la nane likawa majuzuu manne.

Mwaka 1886 alipewa uprofesa Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Huko alipata mtihani ambao sisi tunaujua vizuri: wagonjwa wengi walizungumza Kiestonia, naye hakukijua. Alitegemea wakalimani. Nami nimesimama kando ya kitanda cha mama aliyezungumza Kilugbara tu, nikisubiri muuguzi anitafsirie, na najua ni mangapi yanayopotea njiani.

Kazi yake kubwa aliifanya Heidelberg kuanzia 1891. Wakati ule madaktari wengi walitaja ugonjwa kwa dalili waliyoiona siku ile. Aliyeganda kama jiwe alipewa jina lake, anayecheka ovyo jina lake, anayedai kufuatwa na maadui jina lake. Kraepelin akaanza kuandika kadi kwa kila mgonjwa: dalili zilianzaje, zilifuatwa na nini, na mtu yule yuko vipi baada ya miaka. Kisha akazipanga kadi zile na kuzipangua mara nyingi.

Kadi zikamwonyesha kwamba wengi wa wale watatu wako katika njia moja. Ugonjwa huanza ujanani, mara nyingi kimyakimya. Kijana hujitenga, usingizi hubadilika, masomo huporomoka. Baadaye huja sauti zisizo na msemaji na imani zisizotikisika. Kisha kwa wengine hisia na ari hufifia. Aliuita kwa Kilatini dementia praecox, kuharibika kwa akili mapema. Katika toleo la 1899 aliutenga wazi na ugonjwa wa furaha na huzuni zilizopita kiasi, ambao mgonjwa wake mara nyingi hurudi hali yake ya kawaida kati ya vipindi. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi aliupa jina tunalolitumia leo, skizofrenia.

Mwaka 1903 alihamia Munich. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Java, miongoni mwa watu ambao wengi wao ni Waislamu, akaukuta ugonjwa ule ule huko pia. Jambo jingine litawafurahisha: aliacha pombe kabisa na kuipiga vita hadharani, baada ya kupima mwenyewe jinsi inavyodhoofisha fikra.

Lakini haki inataka tuseme na makosa yake. Alielekea kuamini kuwa mwisho wa njia ile ni kuharibika tu, ingawa kadi zake mwenyewe zilikuwa na watu waliopata nafuu. Pia alishikilia fikra za kuharibika kwa nasaba. Mwanafunzi wake, Ernst Rüdin, alishiriki katika sheria ya 1933 iliyowafanya wagonjwa wengi wa Ujerumani kufungwa uzazi kwa nguvu. Ukishaamini kwamba mtu hana tumaini, ni rahisi kumnyima haki yake.

Kraepelin alifariki Munich tarehe 7 Oktoba 1926. Dawa ya kwanza ya kutuliza sauti zile ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Na mwaka 2006 Patrick McGorry na wenzake wa Australia walipendekeza ugonjwa upangwe kwa ngazi, kuanzia 0 kwa mtu aliye hatarini bila dalili, 1 kwa dalili hafifu, 2 kwa shambulio la kwanza kamili, 3 kwa ugonjwa unaorudi au usioisha vizuri, hadi 4 kwa ugonjwa mzito uliokaa. Ni fikra ya Kraepelin ya kufuata safari, lakini bila kukata tamaa: kila ngazi ina tiba yake, na kadiri unavyowahi ndivyo matumaini yanavyoongezeka.

Ndugu yetu alisomewa ruqya, na hilo ni jema. Kosa letu ni kwamba hakuna aliyempeleka pia kwa daktari mapema, ilhali Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa. Leo anatumia dawa na amerudi darasani, alhamdulillah. Basi mwenzako akianza kufunika dirisha, usingoje asikie sauti. Kaa naye, zungumza na wazazi wake, mfuatane hospitali.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.