Dkt. Leader Stirling: Daktari wa vijijini aliyekuja kuwa Waziri wa Afya

Mkazi wa kijiji cha mkoa wa Njombe akiugua huanzia zahanati. Ikishindikana anapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali. Mpangilio huo ulitanuliwa sana katika miaka ya 1970, na mmoja wa waliousimamia ni daktari mpasuaji aliyezaliwa Uingereza na kufia Tanzania, Dkt. Leader Stirling.

Alizaliwa Januari 1906 na kusomea udaktari London. Mwaka 1935 alikuja Tanganyika akiwa daktari wa misheni ya Kianglikana, akafanya kazi Masasi na Lulindi, kusini mwa nchi. Alipasua wagonjwa katika majengo ya udongo yaliyoezekwa nyasi. Madaktari walikuwa wachache mno, hivyo aliwafundisha vijana wa huko uuguzi na kazi za hospitali. Baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, na mwaka 1949 akahamia hospitali ya Mnero, Nachingwea. Miaka ya 1960 alikuwa Kibosho, Kilimanjaro.

Siasa aliingia akiwa bado anashika kisu cha upasuaji. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, serikali ya kikoloni iligawa viti kwa Waafrika, Waasia na Wazungu. TANU iliamua kushiriki kwa kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubali kuwa nchi ni ya wananchi wote. Stirling alikuwa mmoja wao. Baada ya Uhuru alichukua uraia, akaendelea kuwa mbunge hadi 1980.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya. Wakati huo mamilioni ya watu walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa, na kila kijiji kilitaka huduma. Serikali ilikuwa imeamua kupeleka fedha zaidi kwenye zahanati, vituo vya afya, chanjo na mafunzo ya waganga wasaidizi, badala ya kujenga hospitali kubwa za mijini tu. Kwa Stirling hilo halikuwa jambo geni. Alikuwa amelifanya Lulindi kwa mikono yake. Septemba 1978, mkutano wa dunia uliofanyika Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovyeti, uliweka huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kufuatwa na mataifa. Tanzania ilikuwa tayari imeanza safari hiyo.

Uamuzi mwingine wa kipindi chake ulizua mjadala mrefu. Sheria ya 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida. Hoja ilikuwa kwamba ugonjwa usigeuzwe biashara. Hospitali za mashirika ya dini zilibaki, na hapa kwetu tunazijua: Ikonda kule Makete na Ilembula kule Wanging'ombe.

Lakini mwishoni mwa miaka hiyo uchumi uliyumba. Mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita na Idi Amin vikala fedha nyingi. Fedha za kigeni za kununulia dawa zikawa haba. Majengo yalikuwepo, mganga yupo, kabati la dawa tupu. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, hospitali binafsi zikaruhusiwa tena.

Stirling aliondoka wizarani mwaka 1980 na kubaki nchini. Alifariki Februari 2003 akiwa na miaka 97.

Maisha yake yanatuachia swali ambalo wanakijiji wanaweza kuliuliza kwenye mkutano wao wa hadhara. Zahanati ikishajengwa, nani anahakikisha ina mhudumu na dawa mwaka mzima? Stirling alipigania huduma iwe karibu na mgonjwa. Yaliyotokea baada yake yanaonyesha kwamba ukaribu peke yake hautoshi.