AMKA, BWANA YU KARIBU!

Wewe wa Kyerwa, wewe wa Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera ni Rwanda. Huko Gahini alikuwako mwalimu mmoja Mganda, Blasio Kigozi. Aliona Wakristo wamelala: ubatizo wanao, ila dhambi hawaachi! Mwaka 1935 akajitenga wiki nzima akimlilia Mungu. Akatoka na ujumbe mmoja tu, kwamba watu waamke na kutubu. Septemba akahubiri Kabale, moto ukawaka.

Januari 1936 akaenda Uganda ili aseme na sinodi ya kanisa. Hakuwahi kusimama mbele yao. Homa ya papasi ilimwua, angali kijana.

Je, tumaini lilizikwa naye? Hapana! Uamsho ukavuka mipaka, ukafika hadi huku kwetu Kagera. Maana tumaini letu si umri mrefu, ni Yesu anayerudi. Siku ya parapanda, waliolala ndani yake watainuka kwanza (1 Wathesalonike 4:16).

Na wewe je? Kifo hakingoji umalize kuvuna kahawa. Tubu leo, rafiki!