Gregory aliuona ufa wa ardhi, hakumwona mpagazi

Kila mwaka wanafunzi wanaojiunga na vyuo vikuu vyetu kusomea jiografia au jiolojia hukutana na jina la John Walter Gregory. Aghalabu hukutana nalo katika sentensi moja tu ya mhadhara, kwamba ndiye mtaalamu aliyelipa Bonde la Ufa jina linalojulikana ulimwenguni, kisha mhadhiri hufungua ukurasa mwingine. Mimi ni mtu wa isimu, wala sina mamlaka ya kuwafundisha wanajiolojia kazi yao. Hata hivyo, nashikilia kwamba maisha ya mtu huyu yana mafunzo makubwa kwa mwalimu na kwa mwanafunzi, na kwamba kumtaja kwa sentensi moja ni kumpunja msomi haki yake.

Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mwana wa mfanyabiashara wa sufu. Alipotimu umri wa miaka 15 aliacha shule, akawa karani katika biashara hiyo hiyo ya sufu. Mchana alikuwa kazini. Jioni alikwenda Birkbeck, taasisi iliyowasomesha watu wa kazi, akajifunza sayansi. Mwaka 1887 aliajiriwa katika idara ya jiolojia ya makumbusho makuu ya elimu ya viumbe na miamba mjini humo, na mwaka 1891 akapata shahada yake ya kwanza ya Chuo Kikuu cha London. Walimu wa Kenyenya na kwingineko Gusii, ambao hufundisha muhula mzima kisha wakatumia likizo kusomea shahada, watamtambua mara moja mtu wa aina hii. Elimu yake haikutoka katika nafasi. Ilitoka katika uchovu.

Mwaka huo huo wa 1891, mtaalamu mkubwa wa Vienna, Eduard Suess, alikuwa ameandika kwamba mfululizo wa mabonde na maziwa ya Afrika Mashariki ulitokana na kupasuka kwa ardhi. Suess hakuwahi kufika huku. Alitegemea habari za wasafiri, hasa msafara wa Teleki na von Höhnel wa miaka ya 1887 na 1888. Gregory aliyasoma hayo yote, lakini hakutosheka. Alitaka kwenda kujionea mwenyewe.

Alifika pwani yetu mwishoni mwa mwaka 1892 akiwa katika msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kwenda hadi Ziwa Rudolf, yaani Turkana ya leo. Msafara huo ulisambaratika kabla ya kufika popote. Mtu mwingine angalipanda meli akarudi kwao, na asingelaumiwa. Gregory alikwenda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40 waliojulikana kama Wazanzibari, na mnamo Machi 1893 akaanza safari yake mwenyewe. Kwa muda wa miezi takriban mitano walipita Bonde la Ufa, wakafika Baringo, kisha wakaelekea Mlima Kenya. Huko Gregory alipanda hadi kwenye mito ya barafu, na mmoja kati ya hiyo akaupa jina la Lewis, msomi wa Kimarekani wa elimu ya barafu. Kilele chenyewe hakikufikiwa hadi mwaka 1899, alipokipanda Halford Mackinder, mwanajiografia wa Oxford.

Je, Gregory aliona nini ambacho wengine hawakukiona? Bonde la kawaida huchimbwa na mto. Maji hula mwamba kidogo kidogo, na miamba iliyokuwa katikati huchukuliwa ikaenda zake. Katika bonde letu, Gregory alikuta kwamba ardhi ya katikati haikuchukuliwa, ilikuwa imezama. Matabaka yaliyoonekana juu ya genge yalionekana tena chini, katika ngazi za mawe zilizoteremka hatua kwa hatua. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa nyufa mbili zinazokwenda sambamba, na kipande kilichokuwa baina yake kikadidimia. Hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1896, na hadi leo tawi la mashariki la bonde hilo huitwa kwa jina lake katika vitabu vya kitaaluma.

Hapa naomba niseme neno moja la kazi yangu. Kiswahili kililipokea jina hilo kwa neno ufa, neno lile lile tunalolitumia kwa ukuta wa nyumba. Kila mtoto aliyelelewa katika lugha hii ameonywa kwamba asipoziba ufa atajenga ukuta. Basi jina Bonde la Ufa linabeba ndani yake maelezo kamili ya kisayansi. Inasikitisha kumwona mwanafunzi wa shahada akikariri istilahi ya Kiingereza ya jambo hilo bila kutambua kwamba analijua tangu utotoni.

Baada ya safari hiyo Gregory hakutulia. Mwaka 1896 alishiriki katika kuvuka kisiwa cha Spitsbergen kule kaskazini ya mbali. Mwaka 1900 alikwenda Australia kuwa profesa Melbourne, na kuanzia 1904 hadi 1929 alikuwa profesa wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Mwaka 1919 alirudi Kenya, na katika safari hiyo akaona mashoka ya mawe ya watu wa kale huko Olorgesailie, miaka mingi kabla ya akina Leakey kupafanya mahali hapo pawe maarufu. Kitabu chake cha pili juu ya miamba ya Afrika Mashariki kilitoka 1921. Alifariki tarehe 2 Juni 1932, akiwa na umri wa miaka 68, mashua yake ilipopinduka katika mto Urubamba nchini Peru. Alikuwa bado yumo safarini akichunguza miamba.

Lau ningalikomea hapa, ningalikuwa nimeandika sifa tupu. Lakini maisha ya Gregory yana upande wa pili, na mwanafunzi anastahili kuujua. Wegener wa Ujerumani alipotoa hoja kwamba mabara yalikuwa pamoja kisha yakasogea, Gregory hakukubali. Aliamini kwamba mabara yalibaki mahali pake na kwamba nchi zilizoyaunganisha zilizama baharini. Sayansi ya miaka ya 1960 ilimkanusha. Leo twajua kwamba ufa aliouchunguza yeye mwenyewe ni mahali ambapo bara la Afrika linaachana polepole, milimita chache kwa mwaka.

Kosa hilo ni la kisayansi, na kila msomi hukosea. La pili ni zito zaidi. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya mataifa ya watu, akitetea fikra kwamba watu weupe na watu wa rangi nyingine watengwe, kila mmoja na nchi yake. Nastaajabu. Huyu ni mtu aliyeongozwa, akabebewa mizigo na akafikishwa Baringo na Mlima Kenya na Waafrika 40. Bila wao hangaliweza kurudi na jiwe hata moja. Kwa miamba alidai ushahidi wa macho. Kwa wanadamu alitosheka na dhana za zama zake. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Glasgow kiliondoa jina lake katika jengo linalofundishiwa jiografia na sayansi za ardhi, kikaliita kwa jina la Modiri Molema, daktari na mwanahistoria wa Afrika Kusini aliyesomea chuoni humo.

Wapo watakaosema basi na tumfute Gregory katika mitaala. Sikubaliani nao. Tumfundishe mzima mzima. Alipokwenda kuangalia, alipata; alipokataa kuangalia, alipotea. Sijui fundisho lililo bora kuliko hilo kwa mtu anayeanza shahada ya sayansi. Na wapagazi wale watajwe katika mhadhara ule ule, kwani nao walikuwa sehemu ya utafiti.

Fundisho hilo latuhusu sisi walimu kabla ya kuwahusu wanafunzi. Kozi ya jiografia au jiolojia isiyomtoa mwanafunzi darasani haina tofauti na kozi ya muziki isiyo na ala. Fedha zinapopungua, safari za nyanjani ndizo hukatwa kwanza, na mwanafunzi hubaki na madondoo ya mhadhiri aliyoyanakili kutoka kwa wenzake wa mwaka uliopita. Anahitimu akijua orodha ya miamba, lakini ukimpa jiwe mkononi hana la kusema.

Na safari yenyewe si lazima iwe ya mbali. Mwanafunzi wa Kenyenya amezaliwa juu ya miamba iliyoitangulia Bonde la Ufa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Si mbali na kwao, huko Tabaka, watu huchimba mawe laini ya kuchonga yanayouzwa duniani kote, nao wachimbaji hutofautisha jiwe na jiwe kwa rangi na kwa mguso. Upande wa kaskazini, genge la Manga limesimama kwa sababu mwamba wake ni mgumu kuliko ule ulioliwa na mvua chini yake. Hayo yote hayahitaji basi la chuo wala bajeti ya wizara. Yanahitaji nyundo, daftari, mwalimu aliye tayari kutembea, na adabu ya kumsikiliza mchimbaji wa Tabaka kama mwenye elimu.

Gregory alitoka katika meza ya ukarani akavuka bahari ili aone kile ambacho wakubwa wake walikiandika bila kukiona. Sisi tumekipata mlangoni. Mwalimu wa jiografia na awatoe wanafunzi wake nje muhula huu, hata kama ni hadi ukingo wa mto wa jirani, awaulize wanaona nini, na awaache walijibu swali hilo kwa lugha wanayoielewa.